Dawa ya Malaria Haipendi Tumbo Tupu

(Mazungumzo na wanakisomo wa Kwihara, Tabora)

 

Tunajua huu ni wakati wa kazi, na tumbaku haimngoji mtu. Leo sisi wa elimu ya watu wazima hatukuja na chaki peke yake. Tumekuja na vitu vinne, mnaviona hapa mezani. Pakiti ya dawa ya malaria. Chupa ya asali. Kipande cha nta. Na mafuta ya karanga. Ngojeni kidogo, mtaona kila kimoja kimekuja kufanya kazi gani.

Malaria hatuna haja ya kuwaeleza ni nini. Nani hapa hajawahi kutetemeka juani? Mwaka 2022 serikali ilifanya uchunguzi nchi nzima, watoto wa chini ya miaka mitano wakapimwa damu. Kwa nchi nzima, watoto 8 katika kila 100 walikutwa na vijidudu vya malaria. Kwa mkoa wetu wa Tabora walikuwa 23 katika kila 100. Hesabu hiyo mnaweza kuifanya wenyewe: ni karibu mtoto mmoja katika kila wanne. Tanzania Bara hakuna mkoa uliotupita. Hayo si mashindano ya kujivunia.

Lakini leo hatuzungumzi juu ya mbu wala chandarua. Hayo tumeyasema sana, na tutayasema tena. Leo tunazungumza juu ya dawa ikishaingia kinywani. Maana watu wengi wanadhani dawa ikishamezwa, basi, kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza safari. Na katika safari hiyo inakutana na wenzake: chakula ulichokula au ambacho hukula, dawa nyingine unazotumia, na magonjwa mengine uliyo nayo. Wengine wanaisaidia. Wengine wanaipora njiani.

Kuna mkulima mmoja, jina lake tunalihifadhi, aliyepimwa akakutwa na malaria akapewa dawa mseto. Ni mtu mwangalifu. Alimeza vidonge vyote, siku tatu, bila kuruka hata kimoja. Lakini siku zile tatu hakuwa na hamu ya kula. Kila mara alimeza vidonge vyake kwa maji ya moto yaliyotiwa asali, akalala. Homa ikapungua. Baada ya wiki mbili ikarudi, kali kuliko ya kwanza. Yule ndugu akawatangazia jirani zake kwamba dawa za siku hizi ni bandia. Mtoto wake alipougua mwezi uliofuata, hakumpeleka zahanati. Alimchemshia mizizi. Mtoto alipoanza degedege ndipo alipombeba mbio kwa baiskeli. Mtoto alipona, lakini alilazwa siku nyingi na kuongezewa damu.

Sasa, hatuwezi kuapa kwamba homa ya pili ililetwa na kukosa chakula. Huenda aliumwa na mbu mwingine. Lakini tulipomwuliza alimeza dawa na nini, tukapata shaka. Ndiyo maana tuko hapa.

Tuanze na mahali penyewe tulipo. Hapa Kwihara mnajua zaidi yetu kuwa hii ni njia ya misafara. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, watu walitoka Bagamoyo kwa miguu, wakafika hapa Unyanyembe, mahali Waarabu walipopaita Kazeh, wakapumzika, kisha wakaendelea hadi Ujiji. Babu zetu Wanyamwezi ndio walioibeba mizigo ile mabegani. Pembe zikaenda pwani, nguo na shanga zikarudi. Na homa nayo ikasafiri. Wazee waliiita mkunguru, homa ya mtu anayefika mahali pageni.

Burton na Speke walifika Kazeh mwezi Novemba 1857, na safari yao nzima ilikuwa ya homa. Livingstone, ambaye tembe alimokaa liko papa hapa, aliletwa kutoka Ujiji na Stanley mwezi Februari 1872, akakaa hadi Agosti mwaka huo huo. Watu wengi wanakumbuka kwamba Livingstone alikuwa mhubiri na msafiri. Wachache wanakumbuka kwamba alikuwa pia daktari, na kwamba alikuwa na vidonge vyake mwenyewe vya homa. Ndani ya vidonge vile aliweka kwinini, ambayo ni dawa ya kweli ya malaria. Lakini pamoja na kwinini aliweka dawa kali za kuharisha, na moja ya hizo ilikuwa na zebaki ndani yake. Zebaki ni sumu. Kwa nini daktari afanye hivyo? Kwa sababu matabibu wa wakati ule waliamini kwamba tumbo lazima lisafishwe kwanza ndipo dawa ifanye kazi. Mwaka 1867 sanduku lake la dawa liliibwa na wapagazi waliotoroka, akaendelea kuzunguka miaka bila dawa. Mwaka 1873 alifariki.

Tumeileta habari hii kwa sababu imani ile haijafa. Mpaka leo, katika vijiji tunavyopita, tunasikia: "Dawa inashika vizuri tumbo likiwa tupu." Mwingine anakunywa kwanza dawa ya kuendesha tumbo ili "kutoa nyongo", ndipo ameze dawa ya malaria. Ni vidonge vile vile vya Livingstone, ila siku hizi watu wanavichanganya tumboni.

Iko sababu nyingine ya kosa hili. Dawa zenyewe zimebadilika, na sisi tumebaki na mazoea ya zamani. Wenye umri wa makamo mnakumbuka klorokwini. Ilikuwa chungu, na wengi iliwawasha mwili mzima usiku kucha. Vijidudu vikaizoea, serikali ikaiondoa mwaka 2001. Ikaja SP, ile ambayo wengi waliiita Fansidar. Hiyo ilikuwa rahisi: mtu mzima anameza vidonge vitatu kwa mara moja, kwisha. Ukila, usile, haikujali sana. Nayo vijidudu vikaizoea. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006 tukaingia katika dawa mseto, ambayo zahanati inaiita ALu. Basi mtu aliyezoea kumeza mara moja tumbo tupu, akapewa mseto, ataimeza namna gani? Kama alivyozoea.

Haya, tuitazame pakiti hii. Inaitwa mseto kwa sababu ndani ya kila kidonge mna dawa mbili. Ya kwanza ni artemeta. Asili yake ni mmea wa Uchina unaofanana na pakanga. Aliyeongoza kazi ya kuigundua dawa iliyomo katika mmea huo ni mama mmoja wa Kichina, Tu Youyou, miaka ya 1970 mwanzoni, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo. Artemeta ni kama vijana wenye mafyekeo waliochangamka. Wanaingia shambani asubuhi, wanaangusha magugu kwa haraka, homa inashuka. Lakini jioni wamekwenda zao. Baada ya saa chache artemeta haimo tena mwilini.

Ya pili ni lumefantrini. Huyu ni mzee mwenye jembe. Ana taratibu, lakini hakai siku moja. Anabaki mwilini siku kadhaa, anang'oa mizizi iliyobaki. Mzee huyu asipofika shambani, magugu yatachipua tena. Ndiyo maana mtu anajisikia mzima siku ya pili, anaacha vidonge vilivyobaki juu ya kabati, na baada ya wiki mbili tatu anarudi pale pale.

Sasa, mzee huyu ana tabia moja. Hapa ndipo tunataka nta. Wafuga nyuki mpo? Naam, tunawaona. Tuambieni: ukitia kipande cha nta katika maji baridi, kitayeyuka? Hakiyeyuki. Ukitia katika maji yanayochemka? Kitalainika, kitaelea juu, lakini hakitachanganyika na maji. Maji yakipoa kinaganda tena. Na ukikitia katika mafuta yaliyopata moto? Kinapotea. Kinachanganyika na mafuta, hukioni tena.

Lumefantrini ni kama nta hii. Haipendi maji. Inapenda mafuta. Ukiimeza kwa maji matupu, sehemu kubwa inapita tumboni na matumboni bila kuingia katika damu, na unakwenda kuitupa chooni. Ukiimeza na chakula chenye mafuta, inayeyuka katika yale mafuta na kuingia mwilini. Na tofauti si ndogo. Watafiti wamepima damu za watu waliomeza dawa hii kwa mlo wenye mafuta mengi na waliomeza bila kula. Waliokula walikuwa na dawa nyingi zaidi mara nyingi, zaidi ya mara kumi. Ni kama kununua gunia zima la mbegu na kupanda kikombe kimoja.

Msiogope. Hatusemi mgonjwa achinjiwe mbuzi. Mafuta yanayohitajika ni kidogo tu. Kikombe cha maziwa kinatosha. Mtindi unatosha. Mlenda uliotiwa karanga, au mboga ya majani iliyoungwa kwa karanga, mambo ambayo nyumba ya Kinyamwezi haikosi, unatosha. Yai. Dagaa wa Kigoma waliokaangwa. Parachichi. Mgonjwa asiyeweza kula, mpikieni uji, halafu tieni ndani yake kijiko kimoja au viwili vya karanga zilizotwangwa. Mtoto anayenyonya, mama ampe titi mara baada ya dawa. Maziwa ya mama yana mafuta.

Vitu gani havitoshi? Chai ya rangi haitoshi. Uji mtupu hautoshi. Embe, hata zile tamu za miembe iliyopandwa kando ya njia ya misafara, haina mafuta. Na asali, ndugu zetu. Asali ya Tabora inasifiwa nchi nzima, na sisi wenyewe tunaipenda. Inampa mgonjwa nguvu. Lakini ni sukari, haina mafuta. Nyuki ameyaweka yale mambo ya mafuta katika nta, na nta hamli. Kwa hiyo ukimeza dawa kwa maji ya asali, umepata nguvu lakini mzee wa jembe umemwacha njiani. Tumia asali, lakini na karanga iwepo.

Mama mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Anauliza: kama chakula hakuna kabisa? Au mgonjwa amekataa kabisa? Mama, umeuliza swali la maana. Dawa ya kwanza isingoje. Malaria haisubiri chungu kiive. Mpe dawa, halafu apate chakula mara tu anapoweza. Dozi ya pili, ya tatu na zinazofuata ndizo za kuziandalia chakula, maana hapo homa itakuwa imeanza kushuka na hamu inarudi. Na ndugu zetu Waislamu, mwezi wa Ramadhani ukiwakuta na malaria, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kuzilipa siku zake baadaye. Kamwulizeni shehe wenu, atawaambia hivyo hivyo.

Mgonjwa akitapika kabla ya nusu saa kupita, arudie dozi ile, kisha mrudi zahanati kuomba vidonge vya kufidia. Akiwa anatapika kila kitu, au anapata degedege, au hajitambui, vidonge havimfai tena. Huyo ni wa sindano, na ni wa kupelekwa sasa hivi. Hapa tuseme neno moja: degedege si ndege, wala si jicho la jirani. Na sindano haiui mtoto wa degedege. Anayeua ni anayechelewesha.

Tumekaa sana kwenye chakula. Sasa tuje kwa wale wenzake wanaoipora dawa njiani.

Mwili una kiungo kinaitwa ini. Kazi yake moja ni kuzivunjavunja dawa na sumu zilizoingia ili mwili uzitoe. Ni kazi nzuri, bila hiyo tungekufa. Lakini kuna dawa ambazo zinalihimiza ini lifanye kazi hiyo kwa kasi kuliko kawaida, kama nyapara anayewakimbiza vibarua. Basi ukimeza mseto wakati ini limehimizwa, linaivunja dawa kabla haijamaliza vijidudu.

Nyapara mkubwa ni rifampisini. Ni dawa ya kifua kikuu, ile inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa. Nchini Uganda watafiti waliwapima wagonjwa waliokuwa wakiitumia pamoja na mseto, wakatangaza matokeo mwaka 2013. Lumefantrini katika damu yao ilibaki chini ya nusu. Artemeta ilipungua zaidi ya hapo. Dawa za kifafa kama vile fenobabito, fenitoini na kabamazepini nazo zinalihimiza ini. Na katika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ile inayoitwa efavirenzi ilikuwa inafanya hivyo. Kuanzia mwaka 2019 wagonjwa wengi hapa Tanzania walihamishiwa kwenye dolutegraviri, ambayo haiisumbui mseto. Lakini bado wapo wanaotumia dawa nyingine.

Sikilizeni hapa vizuri, tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi mtu aache dawa ya kifua kikuu ili ameze ya malaria. La! Hatusemi aache dawa ya kifafa wala ya virusi. Akiacha, atakufa kwa ugonjwa ule. Tunasema amwambie mganga wa zahanati kwamba anazitumia. Mganga ndiye mwenye kuamua: atachagua dawa nyingine, au atampa hiyo hiyo na kumwambia arudi kupimwa damu.

Hapa ndipo penye mgogoro, na tuuseme wazi. Watu hawasemi. Wanaficha. Kwenye dirisha la dawa pana foleni, jirani yako yuko nyuma yako, shemeji yako yuko mbele. Nani ataropoka "mimi natumia dawa za kifua kikuu"? Nani atasema "natumia za virusi"? Mtu ananyamaza, anapokea mseto, anakwenda kunywa. Ini linaivunja. Homa inarudi. Wengine hawarudi zahanati. Aibu inaua watu katika mkoa huu, na haimo katika daftari lolote la zahanati.

Lakini ninyi mna kitu ambacho babu zenu wapagazi hawakuwa nacho. Mnajua kuandika. Chukua kipande cha karatasi. Andika jina lako na umri wako. Chini yake andika: "Natumia dawa hizi", halafu nakili majina yalivyo kwenye pakiti, herufi kwa herufi. Hata kama huwezi kuyatamka, nakili. Mpe mganga karatasi ile mkononi. Hakuna aliyesikia kitu. Shemeji hakusikia. Mganga amejua. Tunaona hii ni kazi kubwa kuliko barua ya salamu, ingawa barua za salamu nazo muendelee kuandika.

Akina mama wajawazito, sasa zamu yenu. Ile SP iliyoondolewa katika kutibu bado inatumika kwenu, kuwakinga. Mnapewa kliniki, mimba ikishavuka miezi mitatu ya kwanza, mara tatu au zaidi, na kila mara upite mwezi mmoja. Nayo ina mambo yake. SP inafanya kazi kwa kuwanyima vijidudu uwezo wa kutengeneza foliki, kitu wanachokihitaji ili wazaane. Foliki hiyo hiyo mama naye anaihitaji kwa ajili ya mtoto. Kidonge cha kliniki chenye foliki kidogo hakina ubaya. Lakini yapo maduka yanayouza vidonge vya foliki vya miligramu 5. Ukimeza hivyo pamoja na SP, unawalisha vijidudu kile ulichokuwa unawanyima. Meza vile ulivyopewa kliniki, usiongeze vya kwako.

Na mama anayetumia Septrini kila siku kwa sababu ya virusi hapewi SP. Zote mbili ni za ukoo mmoja wa salfa, zikikutana zinaweza kumletea madhara makubwa. Septrini yenyewe inamkinga. Mama huyu akificha, atapewa zote mbili. Mnaona tena ile karatasi inavyotakiwa? Na mwanamke yeyote anayehisi ana mimba, hata ya wiki chache, aseme kabla ya kupewa dawa ya malaria. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango naye ajue kwamba mseto unaweza kuvipunguzia nguvu, atumie na kondomu mwezi ule.

Kwinini bado ipo katika zahanati na hospitali, kwa mahali inapohitajika. Hiyo inaweza kushusha sukari ya mwilini, hasa kwa mjamzito. Mgonjwa anatokwa jasho, anatetemeka, anachanganyikiwa, watu wanadhani malaria imezidi. Anayetumia kwinini asikae na njaa hata kidogo. Hapo asali yenu ina kazi kubwa, ila mwiteni mhudumu upesi.

Wenye ugonjwa wa moyo na wenye kisukari, semeni. Balungi, liacheni siku zile tatu, maana linabadilisha kiasi cha dawa kinachoingia mwilini. Pombe? Tunawaona mnachekelea. Anayekunywa gongo akiwa na malaria anatapika dawa, anasahau saa ya dozi, na analiongezea ini kazi. Siku tatu si nyingi.

Tumeulizwa pia juu ya mwarobaini na pakanga. Hatuji hapa kuwatukana waganga wa jadi. Hata kwinini ilitoka kwenye ganda la mti. Lakini Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya pakanga itumike kutibu malaria, kwa sababu hakuna anayejua kikombe chako kina dawa kiasi gani, na dawa kidogo inawafundisha vijidudu kustahimili. Na jambo hili si la mbali. Mkoani Kagera watafiti wamekwisha kukuta vijidudu vilivyoanza kuistahimili dawa ya jamii ya artemeta. Kagera si Uchina. Watu wa Kagera na wa Tabora wanatembeleana. Kila anayemeza nusu dozi, na kila anayemeza dozi nzima ambayo nusu yake inakwenda chooni, anawafundisha vijidudu hivyo darasa la kwanza.

Kuna jambo moja la watoto. Malaria inakausha damu, na mzazi akiambiwa mtoto hana damu anakimbilia dukani kununua vidonge vya madini ya chuma. Kule Pemba palifanyika utafiti, matokeo yakatangazwa mwaka 2006. Watoto wadogo waliopewa madini ya chuma na foliki kila siku, mahali penye malaria nyingi, walilazwa au kufariki kwa wingi kuliko wasiopewa. Hii haina maana kwamba chuma ni sumu. Mtoto mwenye upungufu anapewa, lakini kwa kupimwa, na malaria itibiwe. Msiamue wenyewe dukani.

Basi, fungueni madaftari. Tuandike saa za dawa pamoja, kwa mtu aliyeanza dozi ya kwanza saa 2 asubuhi. Chini ya Siku ya Kwanza andikeni: saa 2 asubuhi, saa 10 jioni. Mmeona? Ya pili inafuata baada ya saa nane tu, haingoji usiku. Siku ya Pili: saa 2 asubuhi, saa 2 usiku. Siku ya Tatu: saa 2 asubuhi, saa 2 usiku. Jumla mara sita. Mtu mzima, na mtoto yeyote aliyefika kilo 35, anameza vidonge vinne kila mara. Sita mara nne? Ishirini na vinne. Hesabuni vidonge kwenye pakiti mkiwa bado dirishani. Mwenye uzito wa chini ya hapo ana pakiti yake, msimkatie mtoto vidonge vya baba yake.

Mbele ya kila saa acheni nafasi. Hapo mtaandika alichokula. Karanga, maziwa, yai. Neno moja linatosha.

Mzee wetu hapa mbele anauliza, je, homa ikirudi hata baada ya kula karanga zote hizo? Mzee, urudi zahanati upimwe damu tena, usirudie dawa kwa kubahatisha. Si kila homa ni malaria. Na uende na daftari lako. Mganga akiona saa zako sita na chakula chako kimeandikwa, atajua kwamba tatizo si kumeza, atatafuta penginepo. Atakuuliza pia kama kuna dawa nyingine unayotumia. Utampa ile karatasi.